Malalamiko ya Akina Mama Waliomsukuma Bundi

Kikundi cha Akina Mama wa Shuka-Usukume,
Juu ya Karurumo,
Embu.

Kwa Bwana Riungu,
Mwenyekiti,
Kamati ya Mbio za Baiskeli za Nchi ya Mvinyo.

Bwana Mwenyekiti,

MINTARAFU: KIJANA BUNDI KUNYANG'ANYWA USHINDI ETI ALISUKUMWA

Hujambo? Na watu wa nyumbani kwako je? Sisi huku tuko salama, mvua imenyesha vizuri, maharagwe yametoa maua, na tumekasirika.

Mimi ni Regina Rwamba, mwalimu mstaafu wa chekechea, mke wa Bwana Nyaga, na mwenyekiti wa kikundi kilichotajwa hapo juu. Kwenye ile video yenu mimi ndiye mama wa katikati, mwenye leso ya njano. Nakuita Bwana kwa sababu ya cheo chako, ingawa kwa umri ungeniita mama na ungeitika nikikutuma dukani. Kwa hivyo nitasema nawe kwa heshima, lakini sitasema nawe kwa kunong'ona.

Ninakuandikia juu ya Bundi. Huyu ni yule kijana kutoka mji wa Maua anayetengeneza baiskeli hapa Karurumo, kando ya duka la mbolea. Jumamosi iliyopita alifika wa kwanza kwenye mbio zenu, na hakuna mtu aliyeonekana nyuma yake. Mlikuwa mmetangaza kwamba atakayekuwa wa kwanza atapelekwa Ulaya kushindana kwenye milima ya mizabibu ya huko. Hata kabla hajamaliza glasi ya mvinyo mliyompa, mlimbandua namba mgongoni mbele ya watu, mkasema alisaidiwa kupanda kilima, na nafasi yake mkampa aliyefika wa pili. Nasikia kamati inaketi Ijumaa kutia muhuri uamuzi huo. Basi kabla hamjafungua kidau cha wino, tusikilizeni sisi, kwa maana waliomsukuma ni sisi, na hatukuulizwa hata neno moja.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Neno "wastani".

Tangazo lenu lilibandikwa kwenye mti wa soko la Karurumo na sote tulilisoma. Lilisema kwamba njia itaanzia Gachoka kwenye joto, ipite Karurumo, halafu ipande "mwinuko wa wastani" hadi kwenye shamba la mizabibu la Bwana Kiunga. Wastani! Haki ya Mungu, nilivua miwani nikaipangusa nikasoma tena. Bwana Mwenyekiti, lori lililoleta mabati ya shule lilifika nusu ya kilima hiki likarudi kinyumenyume hadi barabarani, dereva akiwa ameshika breki kwa miguu yote miwili na kuimba nyimbo za kanisa. Punda wetu wakifika pale chini husimama na kugeuka kutazama mwenye punda, waone kama anamaanisha. Mimi nimezaa watoto, nimefundisha chekechea, nimeishi na mama mkwe, na bado kilima hiki sijakizoea. Aliyeandika neno "wastani" alipita hapa akiwa amelala ndani ya gari. Tunataka kilima kiombwe radhi, tena kwa maandishi, na maandishi hayo yabandikwe kwenye ule ule mti.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu ndilo chanzo cha makosa yenu yote. Mngejua kilima, mngejua kwa nini tulisukuma.

2. Kuitwa wasaidizi wa udanganyifu.

Karatasi aliyosomewa Bundi ilisema kwamba "watu wasiojulikana walishirikiana na mshindani kwa hila". Watu wasiojulikana! Muulize mtu yeyote kuanzia Runyenjes, atakuambia Regina Rwamba anakaa wapi na mbwa wake anaitwa nani. Na hiyo hila nitakueleza ilivyokuwa, uamue mwenyewe.

Jina la Shuka-Usukume hatukupewa na watalii. Tangu zamani, baiskeli ikipanda huku huwa na mzigo: kahawa, ndizi, mitungi ya maji, saruji, au mgonjwa. Na mtu akisikika anahema pale kwenye kona, aliye karibu huacha jembe, hushuka barabarani na kusukuma. Haulizi ni nani. Haulizi anakwenda wapi. Husukuma hadi kwenye lango la kanisa, halafu hurudi kwa jembe lake. Kwa kuwa mvua imechimba njia ikabaki nyembamba, tunajipanga kwa mstari: wa kwanza anashika kiti cha baiskeli, wa pili anamsukuma wa kwanza mgongoni, wa tatu anamsukuma wa pili. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu. Anayeketi akatazama mwenzake akihangaika husemwa mpaka Pasaka. Kuna bwana mmoja, simtaji jina ingawa ni ndugu wa mume wangu, aliyekaa akitafuna muwa huku jirani akipandisha saruji. Huyo bwana alitafuta mke hapa akakosa, akavuka mito mingi sana mpaka akapata mahali ambapo hawajamsikia.

Mimi mwenyewe, Bwana Mwenyekiti, niliolewa kwa kusukuma. Nyaga alikuja na gunia la kabichi, nikamsukuma kutoka kwenye kona hadi kanisani nikiwa sijaona uso wake. Niliona mgongo tu. Alipofika juu akageuka kuniambia asante, nikamtazama, nikasema moyoni kwamba si mbaya. Sasa ninyi mkisema kusukuma ni hila, mnamwambia nini Nyaga? Tangu Jumamosi, kila nikimpa chakula ananitazama kama mtu anayefikiria upya.

Jumamosi hiyo tulikuwa kwenye kahawa ya jirani yangu Gladwell, sisi watatu: mimi, Gladwell na Veronicah, yule anayeimba sauti ya juu kwenye kwaya hata paa likatikisika. Tukasikia mtu anahema. Tukachungulia. Tukaona mtoto wa watu amepanda baiskeli bila mzigo wowote, na nguo alizovaa, kwa heshima ya cheo chako, sitazieleza. Gladwell akasema maskini, huyu ameibiwa mzigo, ameibiwa na nguo, anakimbilia polisi. Tungefanyaje? Tulitupa vikapu tukashuka mbio. Veronicah akashika kiti, mimi nikamshika Veronicah, Gladwell akanishika mimi, na tukasukuma kwa nguvu zote alizotujalia Mungu.

Nakiri kwamba kijana alipiga kelele akitusihi tumwache. Lakini wewe ni Mmeru, umelelewa, unajua. Mgeni mwenye adabu hukataa kwanza. Ukimkaribisha chai husema amekunywa huko alikotoka, na wewe unamimina. Bundi alipokataa tulisema aa, huyu amelelewa vizuri, na tukaongeza nguvu. Alipokataa mara ya pili Veronicah alianza kuimba ili kumtia moyo. Hiyo ndiyo hila yetu.

3. Aliyefika wa pili.

Sina ubaya na kijana huyo. Ni mtoto mzuri, alisalimia watu na hakutupa maganda ya ndizi barabarani. Lakini alipofika kwenye kona alishuka, akaweka baiskeli begani, akatembea hadi juu. Waliomfuata walishuka pia, wote, mmoja baada ya mwingine, wengine wakikaa kidogo kwenye nyasi wakiuliza kama kuna njia nyingine. Akina mama walitaka kuwasukuma lakini hungeweza kumsukuma mtu ambaye baiskeli ndiyo imempanda yeye.

Nilimuuliza mwamuzi wenu kama kutembea si kosa. Akasema sheria inaruhusu. Nikamuuliza tena, polepole, kama ninavyowauliza watoto wa chekechea: kwenye mbio za baiskeli, aliyebaki juu ya baiskeli amefukuzwa, na aliyeibeba baiskeli kama gunia la viazi ndiye mshindi wa baiskeli? Akasema mama, hayo ni mambo ya kitaalamu. Basi mimi sijui utaalamu, lakini kama ni kutembea, mpelekeni Ulaya mume wangu. Nyaga hutembea kilima hiki kila siku akiwa na mbolea begani, na hajawahi kudai zawadi.

4. Mwamuzi mwenyewe.

Hili nilitaka kulificha kwa sababu ya huruma, lakini mmeniudhi. Yule mwamuzi wa pikipiki aliyemrekodi Bundi, alifikaje mahali pa kumrekodi? Pikipiki yake ilizimika pale chini. Alipiga teke, akapiga teke, ikakohoa ikanyamaza. Aliyemwokoa ni Cucu Gatakaa, bibi kizee wa boma lile lenye ua wa maboga, pamoja na wakaza wana wake. Walimsukuma mpaka injini ikashika. Cucu alipoteza kiatu. Mwamuzi akaondoka bila kugeuka, akatukuta sisi kule juu, akatoa simu na kuturekodi tukitenda lile lile alilotendewa yeye muda mfupi uliopita!

Kwa hivyo ushahidi wenu wenyewe umesukumwa. Kama aliyesukumwa anaondolewa, mwamuzi aondolewe kwanza, halafu video aliyoipiga iondolewe, na kwa kuwa hakuna video, hakuna kosa. Nilimwonyesha pasta wetu hoja hii akasema haina mahali pa kuingiza kisu.

5. Wewe, Bwana Mwenyekiti.

Umesahau? Sisi hatujasahau. Wiki ile ya mvua ulipokuja kukagua njia, gari lako jeupe liliteleza likaingiza magurudumu kwenye mtaro karibu na nyumba ya Gladwell. Ulikuwa na viatu vyeusi vilivyong'aa. Tulikuambia ubaki ndani usije ukachafuka. Tukasukuma, Veronicah akala matope mdomoni, na ulipofika juu ulishusha kioo ukatuambia kwamba akina mama wa huku ni uti wa mgongo wa taifa. Tulifurahi sana. Tulilirudia neno hilo kwenye mkutano wa kikundi na likapigiwa makofi. Sasa nauliza, kwa unyenyekevu: uti huo wa mgongo ulikuwa wa taifa siku ile, na Jumamosi ukawa wa hila?

Na tukiendelea hivyo tutafika mbali. Kanisa letu lote lilisukumwa, tofali kwa tofali. Kengele ilisukumwa. Pasta mwenyewe alipohamishiwa hapa alisukumwa pamoja na kabati lake, akiwa amelikumbatia lisidondoke. Miche ya mizabibu ya Bwana Kiunga, ambaye aling'oa kahawa ya baba yake akapanda zabibu na sote tukamcheka mpaka zikazaa, ilipanda huku kwa kusukumwa. Mapipa ya mvinyo yalisukumwa. Meza mliyotumia kumtangaza mshindi ni ya kanisa, na ilisukumwa. Hata ile glasi ya mvinyo mliyompa Bundi kabla ya kumnyang'anya ushindi, mvinyo ambao kusema kweli ni mchungu, na aliyezoea muratina, pombe yetu ya asali, hawezi kumaliza bila kufumba macho, hata huo usingekuwepo. Mkitaka mbio zisizoguswa na mkono wa kusukuma, basi ondoeni mahali pa kumalizia, ondoeni zabibu, ondoeni kanisa, vunjeni ndoa yangu, halafu ujiondoe wewe. Hapo mtabaki na kilima peke yake, nacho kitashinda kama kawaida yake.

Hoja yangu, ukiikamua, ni moja tu. Kilima cha Shuka-Usukume hakipandiki kwa baiskeli bila kusukumwa. Hakijawahi. Si kwa babu zetu, si kwa baba zetu, si kwa mtu yeyote wa kabila lolote. Sheria inayokataza kusukuma imekataza kilima chenyewe, na ninyi ndio mlioleta mbio kwenye kilima. Bundi hana kosa. Alifanya linalowezekana hapa duniani, na hapa duniani watu husukumwa.

6. Jinsi alivyokuja kutushukuru.

Hili si lalamiko dhidi yenu hasa, lakini sina pa kulipeleka.

Jumapili baada ya ibada Bundi alikuja nyumbani. Nilimwona akiingia langoni nikajificha jikoni, mimi mtu mzima. Nilijua amekuja kunisema na nilijua nimestahili. Akamwamkua Nyaga, akakaa, akapewa uji. Halafu akasema amekuja kutushukuru akina mama kwa sababu alisikia kwamba tuliacha kahawa chini tukamkimbilia. Akasema alipotoka Maua hakumjua mtu huku. Akasema tusiwe na huzuni, mbio ziko nyingi. Akaona mnyororo wa baiskeli ya Nyaga umelegea, akaukaza, akaenda zake.

Bwana Mwenyekiti, heri angenitukana. Nililia jikoni mpaka githeri ikaungua.

Huyu kijana alijifunza baiskeli kule Maua akifukuzana na pikapu za miraa alfajiri, na kama unazijua pikapu hizo unajua kwamba zenyewe hufukuzwa na shetani. Baiskeli aliyoshindia aliiunga mwenyewe kwa vipande vya baiskeli zilizokufa. Fremu ni ya huyu, gia ni za yule, kiti kimeshonwa na fundi viatu. Mama yake, Mama Karambu, alinipigia simu Jumamosi jioni kutoka Maua. Bundi alikuwa amempigia kutoka kwenye mstari wa kumalizia, akamwambia ameshinda na kwamba akina mama wa Embu wamemsukuma. Mama huyo alinishukuru mpaka sauti ikamkatika. Alisema tayari amewaambia majirani wote kwamba mtoto wake anakwenda Ulaya, na kwamba Mungu atawabariki wanawake wa ugenini waliomwona mtoto wake akihangaika wasimpite. Mimi nilisema amina. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mpaka leo sijampigia, na Bundi naye hajaweza. Mama huyo akipiga, simu naifunika kwa mto.

Kwa hivyo haya ndiyo tunayoomba, na tumeyapanga kuanzia jepesi.

Kwanza, Bundi arudishiwe nafasi yake. Mkifanya hili mnaweza kuacha kusoma hapa na nitawaombea.

Kama hamwezi, basi mbio zirudiwe na kila mshindani asukumwe. Kikundi chetu kina wanachama wa kutosha na tutajigawa kwa haki, wanene kwa wembamba, asije mtu akasema amepewa dhaifu.

Kama hilo pia linawashinda, mwaka ujao kila mshindani apande na mzigo. Hili tunaliomba kwa moyo wote, maana limetusumbua sana kuona vijana wenye misuli kama ile wakipandisha baiskeli tupu. Kiwanda cha kahawa kiko huko huko juu! Mtu akibeba gunia moja tu, mbio zenu zingemaliza mavuno ya kijiji kizima kabla ya saa sita, na kila mtu angejua kwa nini wanahema. Wale watalii wanaokuja siku za kawaida kuzunguka mashamba ya mizabibu kwa baiskeli nao wapewe angalau ndizi. Tumeona wanavyopita wakipiga picha za zabibu. Mkungu mmoja hautawaua.

Na kama yote hayo yamewashinda, leteni majembe. Tutakipunguza kilima. Bwana Kiunga amekubali mradi tusiguse mizabibu yake, na Veronicah amejitolea kuanza hata kesho. Kikishakuwa cha wastani kweli, mtakuja mkimbie mnavyotaka, nasi tutakaa kando tukitafuna muwa.

Msipojibu kufikia Ijumaa, tutakuja Embu mjini kikundi kizima, na tutakaa nje ya ofisi yenu tukiimba. Umesikia habari za sauti ya Veronicah. Nimalizie hapo.

Nisalimie mke wako na watoto, na kama mama yako yu hai mwambie Regina Rwamba amemsalimu na kwamba anayo haki ya kujua ulivyotenda. Nisalimie wanakamati wote, hata aliyeandika "wastani". Nisalimie mwamuzi, na umwambie kiatu cha Cucu Gatakaa kilipatikana. Bwana Kiunga anakusalimu na anauliza mtarudisha lini glasi zake. Nyaga anakusalimu pia, ingawa hakusema.

Ni mimi mama yako katika hasira na katika upendo,

Regina Rwamba
Mwenyekiti, kwa niaba ya akina mama wote wa Shuka-Usukume

N.B. Bwana Mwenyekiti, usitume bado jibu. Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha, lakini pasta akashauri kwamba hoja kubwa kama yangu inahitaji ushahidi. Kwa hivyo asubuhi ya leo tulimwita Bundi ajaribu kupanda Shuka-Usukume bila kusukumwa, ashindwe mbele ya pasta, Gladwell arekodi akishindwa, nasi tukuletee video hiyo. Nilimweleza vizuri kwamba akifika kwenye kona achoke. Aliniahidi atajaribu.

Hakuchoka. Alipita kwenye kona ameketi wima, akamwamkua Cucu Gatakaa, akaendelea. Sisi tulikuwa tumeapa kutomgusa, lakini mazoea ni mabaya. Tulipomsikia anahema tulishuka mbio watatu sote tukamkimbiza ili tumsukume kidogo tu. Hatukumfikia. Tulikimbia mpaka Gladwell akaangusha simu, na Bundi alikuwa tayari kwenye lango la kanisa, amegeuka, anatuuliza kama sisi tu wazima.

Basi hoja yangu yote ya kilima kisichopandika ni uongo, na ninaifuta mbele yako na mbele ya pasta. Kinapandika. Amekipanda.

Lakini ngoja. Veronicah alikaa kwenye nyasi akaanza kucheka peke yake, tukamuuliza kuna nini, akasema hata Jumamosi ilikuwa vile vile. Alipokishika kile kiti hakupata nafasi ya kusukuma hata mara moja, maana kilikuwa kinamkimbia. Alikishikilia asianguke. Nami nikimkumbuka Veronicah mbele yangu, nakumbuka nilikuwa nimeing'ang'ania leso yake kwa mikono yote miwili. Gladwell anasema yeye alikuwa ameshika mkanda wangu na macho ameyafumba, anaomba.

Kwa hivyo Ijumaa, kabla hamjatia muhuri, iwasheni tena ile video. Msitazame mikono yetu. Tazameni miguu, mwone nani alikuwa anamvuta nani.